Baba Anauliza: Kifo Kimehama Lini Hospitali?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye ndoa na watoto. Nimezaliwa katika kimojawapo cha vijiji vya zabibu kusini mwa jiji la Dodoma. Jina la kijiji naomba libaki kwangu. Kwetu tuko watatu, mimi ni wa pili.

Baba yetu ni mkulima wa zabibu. Mwishoni mwa Aprili 2020 alikuwa anapogoa shamba lake. Ufito aliokuwa ameuvuta ukamponyoka mkononi ukamchapa jicho la kulia. Alirudi nyumbani akijifuta machozi kwa ncha ya shati, akasema ni vumbi, akala, akalala. Kesho yake jicho likawa jekundu. Mama akalisafisha kwa maji ya chumvi, shemeji akaenda duka la dawa akanunua matone. Siku mbili tatu likatulia, Baba akarudi shambani. Halafu likageuka. Akawa hawezi kutazama mwanga, anashinda ndani amejifunika kanga ya Mama kichwani, na ukimfunua unaona kwenye nyeusi ya jicho kuna alama nyeupe, ndogo kama punje ya uwele.

Unakumbuka hali ilivyokuwa wakati ule wa korona. Shule zimefungwa, kila mlango wa duka una ndoo ya maji tiririka na sabuni, hata bungeni wabunge wanaingia ukumbini kwa mafungu. Kijijini kila siku inakuja habari ya mtu aliyeingia hospitali na hakutoka, na kwamba ukifia kule unazikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe, ndugu mnasimama mbali. Kipi kilikuwa kweli na kipi kilikuwa maneno ya watu, mpaka leo sijui.

Usiku mmoja Baba akasema mwenyewe, "Nipelekeni hospitali." Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuwaona. Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye gari, na ndiye anayetuongoza tangu Baba alipoanza kupungua nguvu. Akakataa. Akasema Baba ana pumu, amevuka sitini, akikaa kwenye benchi moja na watu wanaokohoa tutamzika kwa sababu ya jicho. "Macho yapo mawili, roho ni moja," akasema. Hakuna aliyebisha. Mama alinyamaza, mimi nikanyamaza. Tukaendelea na matone na kujifukiza.

Tulipokuja kumpeleka, shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Daktari alisema kioo cha jicho kimeliwa na kidonda, kovu limekifunika, jicho halitaona tena. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mlikuwa wapi?" Baba akamjibu, "Tulikuwa nyumbani, Daktari."

Sasa ni jicho la kushoto. Kwa muda mrefu analalamika ukungu, nasi tukajisemea ni mtoto wa jicho, ndivyo wazee walivyo. Lakini hivi karibuni Mama amenieleza kwamba jioni Baba anaona duara za rangi zimeizunguka taa, na usiku mmoja kichwa kilimuuma upande wa jicho hilo hilo mpaka akatapika. Asubuhi akasema amepona.

Nikapanda gari nikaenda. Nikamwambia, "Baba, twende hospitali." Akacheka kidogo, akasema, "Jicho la kwanza mlisema hospitali kuna kifo. Kifo kimehama lini?" Nikakosa la kujibu.

Mama anasema Baba atakubali ikiwa Kaka ndiye atakayekuja kumchukua, tena akiri mbele yake kwamba mwaka ule alikosea. Kaka hataki kusikia. Anasema rafiki yake Baba, waliyelima naye jirani miaka yote, mwanzoni mwa 2021 alipelekwa hospitali kwa tatizo jingine kabisa, akafa kwa ile waliyokuwa wanaiita changamoto ya upumuaji. "Baba yuko hai," ananiambia. "Mnataka niombe radhi kwa kuwa yuko hai?" Na Januari 2025, ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg, ule wa virusi vinavyoua, kule Biharamulo mkoani Kagera, nilikuwa nimeshapanga kumpeleka Baba akapimwe macho. Kaka akapiga simu, akasema tungoje. Tukangoja. Marburg ikaisha, nasi hatukwenda.

Mume wangu anashauri nimdanganye Baba kwamba tunakwenda mjini kuhakiki vitambulisho, tukifika nimwingize hospitali. Mdogo wetu anasema tumwache, ni mtu mzima na amechagua. Mimi nina mbuzi niliowaacha kwa Mama. Naweza kuwauza nikampeleka bila kumuuliza Kaka, lakini najua atachukulia kwamba nimemvua nguo mbele ya ukoo.

Mama Mshauri, nani ana haki kati yao? Nimlazimishe Kaka aombe radhi? Nimdanganye Baba? Au nikae kimya, kama nilivyokaa usiku ule? Boksi la yale matone bado ninalo. Sijui hata kwa nini nimelitunza.

Mtoto wa pili, Dodoma

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Sehemu moja ya barua yako sikuiacha isubiri zamu yake ya kuchapwa. Nilipofika kwenye duara za rangi na kutapika, nilimpigia daktari wa macho ninayemfahamu, na siku hiyo hiyo nikakutumia ujumbe. Nayarudia hapa kwa ajili ya wenzako wenye wazazi wa umri huo. Jicho linalouma pamoja na kichwa cha upande wake, likawa na ukungu, taa ikazungukwa na rangi, na tumbo likachafuka: hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya ile aina inayopanda kwa ghafla. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikibanwa, presha inapanda. Mara nyingi hutokea jioni au gizani mboni inapotanuka, ikashuka yenyewe mtu akilala, naye akaamka anasema amepona. Siku isiposhuka, mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuumia ndani ya saa chache, na kinachopotea pale hakirudi. Mtoto wa jicho naye, akikomaa na kuvimba, anaweza kuibana njia hiyo hiyo, kwa hiyo msijipe moyo kwamba "ni mtoto wa jicho tu." Simaanishi kwamba Baba anayo. Presha ya jicho inapimwa kwa kifaa, haipimwi kwa barua. Ila maumivu yale yakirudi, hiyo ni safari ya usiku huo huo, hata kama ndugu hamjaelewana.

Haya, sasa tukae tuzungumze.

Nikikusoma, naona mna mambo mawili mliyoyafunga kamba moja. Kuna jicho la kushoto linalohitaji kuonwa na mtu mwenye vifaa. Halafu kuna jicho la kulia, ambalo limekuwa likikaa nanyi mezani tangu 2020 bila mtu kulitaja. Mama yako, kwa masharti aliyoyaweka, amesema la kushoto halitaonwa mpaka la kulia lizungumzwe. Pengine ana sababu. Lakini hebu nikuulize: Baba mwenyewe amewahi kutamka kwamba anataka Kaka aombe radhi? Katika barua yako maneno hayo ni ya Mama. Baba aliuliza swali moja tu, na hakumtaja Kaka, aliwaambia ninyi nyote. Inawezekana Mama anamjua mumewe kuliko sisi sote. Inawezekana pia kwamba mwenye kidonda kinachosubiri neno ni Mama, aliyenyamaza usiku ule akiwa amekaa karibu na mgonjwa kuliko yeyote, na leo anatafuta mtu mmoja wa kulibeba. Mpatie nafasi aongee akiwa nawe peke yako, mkichambua mlenda au mkipeta uwele, bila Kaka na bila Baba. Usiende na hukumu.

Unaniuliza nani ana haki. Siwezi kuwa hakimu wa usiku ambao sikuwepo. Ninachoweza ni kukueleza dunia ilivyokuwa miezi ile, kwa sababu Kaka yako hakuwa peke yake hata kidogo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuwatahadharisha wenzao kuhusu korona, mwishoni mwa 2019 kule Wuhan, China, alikuwa daktari wa macho, Li Wenliang. Yeye mwenyewe aliamini aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuwa na dalili yoyote. Alifariki Februari 2020. Ukiwahi kupimwa macho utaelewa kwa nini fani hiyo iliogopa: unaweka kidevu kwenye kile kifaa, daktari anaweka uso wake upande wa pili, pumzi zenu zinakutana. Tarehe 18 Machi 2020 chama cha madaktari wa macho cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasitishe huduma zote isipokuwa za haraka na za dharura. Tangazo lilikuwa na sehemu mbili, lakini watu wengi kila mahali walisikia ile ya kwanza tu. Machi na Aprili ile, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliripoti kwamba wagonjwa wa dharura za macho walipungua kwa karibu nusu, kwingine zaidi ya nusu. Walioacha kuja kwa wingi ni wale wa jicho jekundu na kuwashwa, ambao wengi wao wangepona hata wakikaa nyumbani. Lakini waliacha kuja pamoja na wengine ambao hawakupaswa kusubiri. Uingereza madaktari waliona wagonjwa ambao utando wa kuonea wa nyuma ya jicho umebanduka, hali inayotaka upasuaji wa haraka, wakifika sehemu ya katikati ya kuonea ikiwa imeshang'oka. Na ugonjwa ukaleta majeraha yake mapya. Ufaransa watoto wengi zaidi walifikishwa hospitali wakiwa wamerukiwa machoni na vitakasa mikono, kwa sababu vile vyombo vya madukani viliwekwa usawa wa mkono wa mtu mzima, na huo ndio usawa wa uso wa mtoto. Jambo la kijinga kabisa, lakini nani angelifikiria?

Hapa kwetu hapakuwa na amri ya kuwafungia watu ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa, lakini masoko yaliendelea na daladala ziliendelea. Milango ya hospitali ilikuwa wazi. Watu walijizuia wenyewe. Kwa hiyo sioni kwamba Kaka alikuwa mkatili, wala sioni kwamba hakuwa na njia nyingine. Alikuwa na baba mwenye pumu, aliyevuka sitini, na habari za kutisha kila siku. Alilinganisha hatari mbili, moja akiijua kwa ukubwa wake wote na nyingine bila kuijua kabisa. Nani alikuwa amemwambia kwamba jicho lililochapwa na mti haliwezi kusubiri?

Nina wazo langu kuhusu hili, wala si la kitaalamu. Dodoma hatujazoea ugonjwa wa macho wenye haraka. Tuliokulia huku tunaijua trakoma, vikope kama bibi zetu walivyoviita. Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo kadhaa. Vikope huja polepole, kwa kujirudia tangu utotoni, mpaka kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho ukubwani. Mtu anaishi navyo miaka. Nyumba nyingi zina bibi anayeng'oa kope zake mwenyewe kwa kibanio mlangoni asubuhi, na wajukuu hawashangai. Ukilelewa hivyo, jicho jekundu la Baba ni jambo la wiki ijayo. Kidonda cha kioo cha jicho hakiendi kwa mwendo huo. Kinakula kwa siku.

Hata rafiki yake Baba ambaye Kaka anamtaja, angalia tarehe zako mwenyewe. Alifariki mwanzoni mwa 2021, miezi mingi baada ya usiku ule. Kaka hakumtumia kuamua. Amemtumia baadaye kujitetea. Sikuambii hili ukamkabili nalo. Nakuambia kwa sababu mtu anayeendelea kukusanya ushahidi miaka yote hii, huenda ndani yake kesi haijafungwa. Unamwona hajali. Mimi namwona mtu asiyelala vizuri. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemfahamu.

Kuna jingine unalolichukulia kama jambo lililothibitika: kwamba mngewahi, jicho lingepona. Daktari niliyezungumza naye alisita nilipomuuliza. Jicho likichapwa na mmea, kidonda kinachofuata mara nyingi kina fangasi, na fangasi wa jicho ni mkaidi hata mikononi mwa mabingwa. Dawa yake haipatikani kila mahali. Kuwahi kunaongeza nafasi, tena sana. Hakutoi hati ya uhakika. Mkilijadili la kulia siku moja, semeni "huenda", kwa sababu "ingekuwa" imeshawagharimu vya kutosha.

Sasa hilo boksi. Usilitupe, na usilitoe kwenye kikao. Lisome. Baadhi ya matone yanayouzwa madukani yana steroidi, na kwenye boksi utakuta majina kama dexamethasone au prednisolone. Yanaondoa wekundu na maumivu kwa siku mbili tatu, huku fangasi akistawi chini yake. Umeandika kwamba jicho lilitulia siku mbili tatu, kisha likageuka. Inaweza kuwa bahati mbaya tu. Shemeji alinunua alichopewa, na aliyemuuzia alimpa kilichokuwa kwenye rafu. Lakini linanitia wasiwasi kwa sababu ya leo: muulize Mama kama Baba bado ananunua matone ya namna hiyo kila jicho linapowasha. Wazee wengi hufanya hivyo, vumbi letu unalijua. Matone yenye steroidi yakitumika kwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Daktari atakayelipima jicho la kushoto anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kujua nani alikataa kuwasha gari.

Tuje kwenye njia zako. Ziko zaidi ya mlizozitaja, na kila moja ina miba.

Ya mume wako, ya kumdanganya. Naelewa kwa nini inavutia, inamaliza kazi asubuhi moja. Shida ni kwamba macho si kazi ya asubuhi moja. Ikiwa ni presha, kuna matone ya kila siku, pengine kwa maisha yake yote, na huenda tundu dogo linalotobolewa kwa mwanga wa leza. Ikiwa ni mtoto wa jicho, kuna upasuaji, na jicho hufunikwa baadaye. Fikiria Baba hapo: la kulia halioni, la kushoto limefunikwa. Mpaka lifunguliwe atakuwa gizani kabisa, akishikwa mkono kupelekwa msalani. Mkono huo ukiwa ndio uliomleta kwa uongo, ataushikaje? Pamoja na hayo sitakuambia ni haramu. Watu wazuri wamewahi kuwaleta wazee wao hivyo na wazee wakashukuru. Ujue tu kwamba utaulipia siku zinazofuata, siyo siku ile.

Ya mdogo wenu, ya kumwacha kwa kuwa amechagua. Hii nimeiwaza sana, kwa sababu ninaheshimu uamuzi wa mtu mzima juu ya mwili wake. Lakini Baba amechagua akijua nini? Anavyojua, ana ukungu wa uzee na siku moja kichwa kiliuma. Hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba yale ya usiku yanaweza kuwa jambo jingine, lenye haraka, na kwamba lina tiba likiwahiwa. Aelezwe kwanza, kwa utulivu, kwa maneno hayo hayo niliyokuandikia. Akishajua na bado akakataa, hapo mdogo wenu atakuwa na hoja nzito kuliko sasa.

Ya kumlazimisha Kaka. Radhi inayokamuliwa huwa haimfikii anayeombwa. Na kaka mkubwa aliyebanwa mbele ya wadogo zake anaweza kuweka msimamo ambao hataweza kuuacha bila aibu. Mkishafikia kuita wazee, mnaweza kutoka na kikao kirefu na mgonjwa asiyetibiwa. Ila kati ya kuomba radhi na kukaa kimya kuna nafasi kubwa. Je, Kaka anaweza kumweleza Baba alivyoogopa? Hayo si maungamo. Ni kumwambia tu, "Baba, usiku ule niliona nitakuzika, sikulala." Kama ninyi hamna ndimi hizo, baba mdogo au mjomba anayesikilizwa na Kaka anaweza kumpelekea wazo hilo kabla hamjakutana. Au usimwombe neno lolote, mwombe gari. Wanaume wengine radhi yao ni kuwasha gari saa kumi na moja alfajiri na kufuta vumbi kiti cha mbele. Baba atalielewa hilo, kama ndiye mzee ninayemsoma humu.

Ya kwenda bila Kaka. Unaogopa ataona umemvua nguo. Huenda ataona hivyo. Lakini kuna tofauti kati ya kumficha na kumjulisha. Unaweza kumpigia usiku wa kuamkia safari: "Kaka, kesho nampeleka Baba, ukipata nafasi tukutane huko." Hapo humwombi ruhusa, wala humpiti nyuma. Akija, amekuja kwa heshima yake. Asipokuja, mlango haujafungwa.

Kuhusu mahali, mnao uchaguzi kuliko vijiji vingi vya nchi hii. Kuna General, ile hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na kuna Hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa huduma za macho. Piga simu au tuma mtu aulize siku ambayo daktari wa macho yupo, safari ya bure humkatisha mzee tamaa kuliko maumivu. Utasikia pia habari za kambi za macho zinazopita vijijini. Ni nzuri kwa mtoto wa jicho wa kawaida. Kwa dalili za ule usiku, kambi ya mwezi ujao iko mbali mno.

Limebaki swali la Baba. Ulikosa jibu, na mimi nafurahi ulikosa, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la kumtuliza tu. Mzee hakuuliza kwa ukaidi. Ameuliza kama mtu aliyeambiwa jambo zito na watoto wake, akalitii, likamgharimu jicho, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba lile jambo limeisha. Mlimtangazia hatari, hamkumtangazia usalama. Ungeweza kumjibu kwamba kifo kilikuwepo kweli, kwamba hamkujua kilikuwa karibu kiasi gani, kwamba mliogopa mpaka hamkuliona jicho. Ungeweza kumwambia ulinyamaza. Ungeweza pia kumuuliza yeye anakumbuka nini kuhusu usiku ule. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Unaweza kugundua kwamba aliwasamehe zamani, au kwamba ana hasira kuliko mnavyodhani. Yote mawili yatakuwa magumu kuyasikia, na sijui lipi litakufikia. Nenda ukiwa na muda, usiende siku ambayo gari la mwisho la kurudi liko saa tisa.

Na yatakuja magonjwa mengine, hilo tusijidanganye. Marburg ilitangazwa hapa hapa Dodoma, Rais akiwa amesimama na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo ilisikika kama iko barabara ya pili, ilhali ilikuwa Biharamulo, na ikatangazwa kwisha katikati ya Machi 2025. Kaka aliposema mngoje, hakuna aliyeuliza mngoje mpaka lini. Mnaweza kukubaliana sasa, wakati hakuna anayeogopa, ni dalili gani za macho hazitasubiri hata dunia iwe imefungwa: jicho lililochapwa au kuchomwa, kutoona kwa ghafla, vimulimuli vinavyofuatwa na kivuli kama pazia, maumivu yenye kutapika. Na kwa kuwa mnalima zabibu, jicho lililoingiwa na salfa au chokaa. Hilo lioshwe pale pale shambani kwa maji safi mengi, nusu saa bila kuacha, ndipo safari ianze. Kaka anaweza kuikubali orodha hiyo kwa urahisi kuliko anavyoweza kukubali kosa, na labda yeye ndiye aiandike.

Mbuzi usiwauze kwanza. Baba amevuka sitini. Serikali ya mtaa au kijiji inaweza kumsaidia kupata kitambulisho cha msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali za umma zina dirisha la wazee. Si kila dawa na si kila kipimo kitapatikana kwa njia hiyo, kwa hiyo ulizia kabla, ukiwa na kitambulisho chake mkononi. Bei ikikushinda, hapo ndipo umpigie mnunuzi, na uanze na beberu.